Mkeka Huu Una Mwenyewe: Barua ya Wazi kwa Mnaochagua Sanaa ya Zanzibar

Kwa waheshimiwa maafisa wa utamaduni wa Serikali zetu mbili, waratibu wa maonyesho, wenye nyumba za sanaa na wenye mahoteli wa Unguja na Pemba, pamoja na wageni wote mnaokuja kutafuta "sanaa ya Zanzibar" na kuipeleka mnakoipeleka.

Nawaomba mnisikilize. Mimi ni mwalimu wa sanaa hapa Chake Chake, Pemba. Njia ya kawaida nimeshaipita: niliandika barua, nikaitia kwenye bahasha, nikaipeleka kwa mkono, na nikajibiwa kwa upole kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Linafanyiwa kazi mpaka leo. Kwa hivyo hii naiandika mbele ya watu, ili atakayekaa kimya ajulikane kuwa amekaa kimya.

Lililonisukuma sasa ni habari ambayo wengi wenu mmeipokea kwa furaha, nami pia nimefurahi. Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1954, amechaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, ya mwaka 2026. Baba yake alikuwa mtu wa Visiwa vya Komoro, akafariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi michache tu, na mama yake Mwingereza akarudi naye kwao. Huko Lubaina alisoma, akachora, akagonga milango. Mwaka 1985 aliwakusanya wanawake weusi na wenye asili ya Asia katika maonyesho ya The Thin Black Line, kwenye Institute of Contemporary Arts ya London, na walichopewa ni kuta za ujia. Tuzo ya sanaa ya Turner aliipata mwaka 2017, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Hadi mwaka uliotangulia aliyevuka miaka 50 hakuruhusiwa hata kushindania. Kutoka ujiani mpaka kwenye tuzo ni miaka 32, na hiyo ni kwa mtu aliyekuwa akiishi mlango wa pili na wenye kuchagua. Anayeishi Micheweni, huku Pemba, asubiri mingapi?

Katika visiwa vyetu neno "mweusi" lina historia yake, na sitaki kulichokoza. Nalitumia kama wanavyolitumia huko Ulaya wanapohesabu nani ameonyeshwa na nani hakuonyeshwa. Kwa hesabu hiyo, sisi wa Pemba hatumo hata katika orodha ya waliokataliwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mkeka umetundikwa, mwenyewe hakutajwa.

Nyumba moja ya wageni ya Mji Mkongwe, ambayo sitaitaja, imetundika mkeka wa Pemba kwenye ukumbi wa mapokezi. Umewekewa taa yake juu, na chini yake kuna kijikaratasi: mkeka wa asili, Pemba. Ubavuni pake kuna picha ya rangi ya mafuta, nayo ina kijikaratasi chake: jina la mchoraji, mwaka, vipimo, bei kwa dola. Mkeka ule naujua. Umeshonwa na mama mmoja wa upande wa Micheweni ambaye ana tabia ya kupitisha mstari mmoja wa zambarau pale ambapo jicho linangojea kijani, halafu asiurudie tena. Watu wa upande ule wanaujua mkono wake kama karani wa benki anavyoijua saini ya mteja. Jina lake silitaji hapa kwa sababu ni lake na hakunituma kulitangaza. Lakini aliyeununua angelipata kwa swali moja tu siku aliyouchukua.

Kwa msioijua kazi yenyewe: ukindu hukatwa ungali mchanga, ukaanikwa juani mpaka ukawa mweupe, ukachanwa chane nyembamba za upana mmoja, bila rula, kwa jicho. Chane za rangi huchemshwa kwenye sufuria. Kisha husukwa ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole kadhaa unaozongwa na kupimwa kwa pima. Nakshi yote huamuliwa hapa, kwenye utepe, wakati mkeka wenyewe haupo bado. Msukaji anauona kichwani mwake tu. Ukili ukianza kushonwa kwa shazia, ubavu kwa ubavu, mistari lazima ikutane. Ikipishana kwa chane moja, hakuna pa kuficha, na yeye atafumua. Nimemwona mama yule akifumua kazi ya wiki nzima kwa sababu ya kosa ambalo mimi, mwalimu wa sanaa, nilishindwa kuliona mpaka aliponiwekea kidole juu yake.

Mtu anayeamua hivyo, anayekataa kazi yake mwenyewe kwa kipimo chake mwenyewe, mnamwitaje? Mnamwita "Pemba".

2. Mnaniambia kuwa huo ni ufundi wa mikono, na nyinyi mnashughulika na sanaa ya kisasa.

Jibu hili nimelipata mara nyingi, na kila mara kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Basi na mimi niwakumbushe mnayoyajua. Mwaka 1989 Esther Mahlangu, mama wa Kindebele aliyejifunza kupaka kuta za nyumba kwa mama yake na bibi yake, alialikwa Paris kwenye maonyesho ya Magiciens de la Terre, akapaka nyumba pale pale ndani ya ukumbi. Mwaka 1991 akalipaka gari la BMW. Jina lake liko juu ya kila kitu alichokigusa. Hakuna aliyeandika "ukuta wa asili, Afrika Kusini".

Huko Alabama, Marekani, kuna kijiji cha Gee's Bend, cha wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Wanawake wa pale walikuwa wakishona mablanketi ya viraka kwa suruali kuukuu za kazi, ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye Jumba la Makumbusho la Whitney, New York, na kila moja lilikuwa na jina la aliyelishona. Wachambuzi wakubwa wakayasifu kuwa ni sanaa ya kisasa hasa. Sisemi kuwa mambo yalikwenda sawa baada ya hapo. Mwaka 2007 baadhi ya wanawake hao walikwenda mahakamani wakisema hawakupata haki yao katika fedha zilizotoka humo, na kesi zikamalizwa kwa makubaliano. Lakini tazameni: waliweza kudai kwa sababu majina yao yalikuwa yameandikwa. Mama yule wa Micheweni atamshitaki nani, kwa ushahidi gani, kwamba mkeka ule ni wake?

Na kama mifano hiyo iko mbali, tazameni kwa majirani. Uganda ilipoingia Venice kwa mara ya kwanza mwaka 2022, mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa Acaye Kerunen. Kazi zake zilitokana na rafia, matete na magome ya miti, zikasukwa pamoja na wanawake wasukaji wa nchini mwake. Majaji waliitaja Uganda kwa heshima maalumu mwaka ule. Nyenzo alizotumia zinafanana na zile ambazo huku kwetu mnaziweka chini ya meza ya kahawa.

Kwa hiyo mpaka baina ya ufundi na sanaa si mwamba wa baharini. Kuna watu wanaouchora, na watu hao ni nyinyi.

3. Mmeshaamua mapema picha ya Mwafrika iweje.

Hapa sitakaa sana. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya mafuta ya dukani juu ya mbao za dari, akafariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Alikuwa na jicho la kwake mwenyewe. Leo maduka ya Unguja yamejaa tembo na simba wanaoitwa kwa jina lake, na kijana wangu yeyote anayetaka kuuza picha huambiwa na dalali achore hivyo hivyo, aongeze Mmasai na machweo. Pemba hatuna simba. Mnyama wetu anayejulikana duniani ni popo, na hakuna mtalii aliyewahi kuniuliza picha ya popo. Kijana aliyechora wachumaji wa karafuu wakiteremka mtini jioni, vikapu vimewalemea, aliambiwa kazi ni nzuri ila "haina Afrika". Yeye hajawahi kutoka Afrika.

4. Hatujui mnachagua wapi, lini, na kwa kipimo gani.

Mnaikumbuka aibu ya Kenya. Mwaka 2013 banda lake la Venice lilijaa wasanii wa Kichina, pamoja na Mtaliano mkaazi wa Malindi, na Wakenya wenyewe wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2015 ikaja orodha ya namna ile ile. Safari hiyo wasanii wa Nairobi hawakunyamaza: waliandika, walikusanya saini, na Michael Soi akachora mfululizo wa picha akauita Shame in Venice. Serikali ikajitenga na banda hilo. Mwaka 2017 Kenya ilirudi na Wakenya. Kelele zilisaidia, na ndiyo sababu ya barua hii.

Tanzania iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 2024, mratibu akiwa Enrico Bittoto wa Italia, na miongoni mwa wasanii wakiwamo Happy Robert, Haji Chilonga na Lute Mwakisopile. Nawapongeza wasanii hao, na sina neno nao. Neno langu ni kwenu. Tangazo la kuomba kushiriki lilibandikwa wapi huku Pemba? Ofisi ipi ya Wete, Mkoani au Chake Chake ililipokea? Bendera inayopanda Venice ni ya Jamhuri ya Muungano, na utamaduni si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake. Nikiuliza Unguja, naambiwa shughuli ile ni ya Bara. Nikiuliza Bara, naambiwa Wazanzibari wana wizara yao. Mtu wa Pemba amesimama katikati ya milango miwili, na kila mlango unamwonyesha mwingine. Kisiwa hiki kina zaidi ya watu laki tano. Siamini kwamba hamna hata mmoja wa kuonyeshwa.

Maonyesho mengi yanayoitwa ya "Zanzibar" ni ya Mji Mkongwe, tena ya mitaa yake michache. Boti ya Pemba ipo, na nauli yake haizidi bei ya chakula cha jioni kwenye hoteli mnazofanyia uzinduzi.

5. Mnamtaja Himid kwenye hotuba, darasani hayumo.

Mwandishi wetu Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, haukupita muda riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Leo mwanafunzi wa Wete anaweza kumsoma Gurnah kwa lugha ya nyumbani kwao. Ilitokea hivyo kwa sababu kuna mtu alikaa chini akaifanya. Kwa Himid, ambaye anatumia kanga katika kazi zake, na ambaye mwishoni mwa miaka ya 1990 alichora mfululizo mzima akauita Zanzibar, sijaona aliyekaa chini. Darasa langu la mwisho nililitajia jina lake, na wanafunzi wakadhani namtaja mke wa mbunge.

Nawaambia kwa nini hili linaniuma zaidi ya mengine. Mwaka 2004 Himid alitengeneza kazi inayoitwa Naming the Money: sanamu bapa 100 za mbao, zenye kimo cha mtu, za Waafrika waliofanywa watumwa na watumishi katika nyumba za matajiri wa Ulaya. Wapiga ngoma, wafinyanzi, wachoraji ramani, wafunza mbwa. Kila mmoja amepewa jina lake la kwao, na jina alilobandikwa na bwana, na kazi aliyokuwa akiifanya kabla, na ile aliyolazimishwa. Watu waliokuwa mstari mmoja kwenye daftari la matumizi wakawa watu 100.

Sasa rudini Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kikawa shamba kubwa la karafuu. Walioifanya kazi ya shamba hilo walikuwa watumwa kwa maelfu, mpaka amri ya mwaka 1897 ilipofuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Wengi wao wamebaki kwenye daftari kama idadi na thamani. Wajukuu zao ndio wanaoanika karafuu kwenye majamvi kila msimu, na majamvi hayo yamesukwa na wanawake ambao leo nao mnawaandika kama idadi na bei. Kazi ile ya Himid haikuhusu Pemba, lakini sijui pahali penye haja nayo kuliko hapa, na wenye kisiwa hawajapata kuiona hata kwa picha.

Kama nyinyi wenye dhamana mnalitaka jina la Himid, lichukueni pamoja na fundisho lake.

Basi tunaomba haya, na tunayaomba kwa tarehe, kwa sababu maombi yasiyo na tarehe tumeshayazoea.

Kwanza, kabla ya msimu ujao wa watalii, kila nyumba ya wageni, duka na ukumbi wenye kazi ya ukili, kofia au nakshi ya mbao kutoka Pemba iandike jina la aliyeitengeneza, kijiji chake na mwaka. Kama mwenyewe hataki kutajwa, iandikwe kwamba ameombwa akakataa. Na kazi itakayouzwa tena kwa bei ya ukutani, mwenyewe ajue imeuzwa ngapi na apate fungu lake kwa maandishi. Ofisi ya Hakimiliki ipo. Itume watu wake vijijini na madaftari, isisubiri mama wa Micheweni apande boti kwenda kuitafuta.

Pili, wizara mbili zikae pamoja na kutangaza hadharani, kwa Kiswahili, kwa redio na kwa karatasi kwenye ofisi za wilaya, namna wasanii wanavyochaguliwa kwa maonyesho ya nje. Redio hasa. Wasukaji wengi hawafungui barua pepe, ila redio inalia tangu alfajiri. Na kila kamati ya uteuzi iwe na mtu anayeishi Pemba. Sisemi mzaliwa wa Pemba aliyehamia mjini miaka mingi iliyopita. Namtaka anayeishi.

Tatu, tunataka chumba. Makumbusho yetu ya Chake Chake yamo ndani ya ngome kongwe, na yanaeleza vizuri habari za magofu ya Pujini na Ras Mkumbuu, za majahazi na za ufinyanzi wa kale. Kipatikane chumba kimoja, hapo au jirani, cha wasanii walio hai. Msiniambie kuwa Pemba ni mbali. Ibrahim Mahama wa Ghana alipata jina duniani kwa magunia yaliyobeba kakao, akarudi kwao Tamale, kaskazini mwa nchi, mbali na Accra, na mwaka 2019 akafungua huko kituo cha sanaa ambacho watoto wa skuli wanaingia. Magunia ya karafuu tunayo. Chumba kikipatikana, maonyesho yake ya kwanza yawe picha za kazi za Himid, kwa ruhusa yake, zikiwa na maelezo ya Kiswahili, na mikeka ikiwa ukuta wa pili. Mimi na wenzangu tutayaandika maelezo hayo bila malipo.

Mkikataa, kitakachopotea nakijua. Mikeka ya plastiki imeingia kila nyumba. Ni rahisi, ina rangi kali, inaoshwa kwa ndoo moja ya maji, na simlaumu anayeinunua. Wasichana wa mama yule wanajua kusuka ukili, lakini hawajui kuipanga nakshi, na mmoja aliniambia waziwazi haoni faida ya kujifunza kitu ambacho atakayekifanya hatajulikana na atakayekiuza atatajirika. Sikuwa na la kumjibu. Wenye nakshi za kichwani ni watu wazima, na kila mwaka tunazika baadhi yao, wakisindikizwa juu ya mikeka waliyoishona wenyewe.

Himid ameaminiwa kuisimamia Uingereza Venice, na Mungu amfanyie wepesi. Zanzibar imsimamishe nani, mnajua nyinyi. Nawaomba msianze mbali. Yule mwenye nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe, ambaye nina hakika ataisoma barua hii, anaweza kuanza kesho asubuhi kwa kukibandua kijikaratasi kile na kupiga simu. Mwenye mkeka yu hai, yuko kwake, na simu anayo.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa sanaa,
Chake Chake, Pemba